Mlima wa Babake Mwalimu

Mwalimu Nestori alipokufa walimzika Kashojwa, katika kambi ya wakimbizi tulikokulia, na matanga yakawekwa nyumbani kwake, karibu na bomba la maji ambako zamani tuligombania foleni na madumu yetu. Nilitoka Mbarara asubuhi baada ya kuomba ruhusa zahanati, nikiwa nimejiandaa kulia kidogo, kwa adabu, kwa kuwa mtu aliyekufundisha unamlilia hata kama alikuumiza. Lakini sikulia. Tulipomaliza kula wali na maharage, mmoja wa wanafunzi wa zamani, ambaye sasa ana duka la simu pale Base Camp, penye ofisi za kambi, alisimama katikati ya turubai, akaweka mikono nyuma, akaanza kwa Kiingereza chetu kile cha darasani: mmomonyoko wa udongo ni kuondolewa kwa tabaka la juu la ardhi na maji, upepo, mifugo au binadamu. Kabla hajafika nusu, turubai zima lilikuwa linasema pamoja naye. Wanaume wenye vitambi na wanawake wenye watoto mgongoni walikariri mpaka mwisho, kisha wakacheka hadi wakafuta machozi, na mjane wa Mwalimu akacheka nao. Mimi hasira ilinipanda, nikatoka nje. Nyuma ya nyumba nilimkuta Domitila, mwenzangu wa darasa, ameinamia beseni, anaosha sahani za matanga. "Sifa, shika kitambaa," akaniambia, "hizi zinahitaji kukaushwa." Nikashika kitambaa. Ndipo hapo nilipoamua kuuandika mwaka wetu wa mwisho wa sekondari, kabla haujageuka kuwa kichekesho moja kwa moja.

Darasa letu lilikuwa la udongo na mabati. Wazazi ndio walioukanda ule udongo, na madirisha yalikuwa matundu tu, vumbi likiingia bila kupiga hodi. Mvua ikinyesha, mabati yalinguruma hata sauti isisikike, na Mwalimu alituongoza kwa kugonga ubao. Alikuwa Mrundi, mrefu, mwembamba, mwenye shati moja jeupe lililofuliwa kila jioni, na alifundisha jiografia miezi mingi bila mshahara. Hilo nalisema mapema maana ni kweli, na sitaki mtu aje aniambie nimelificha. Kitabu cha jiografia kilikuwa kimoja, chake, nacho kilikwisha poteza jalada. Kwa hiyo yeye alisoma, sisi tukaandika, kisha tukakariri. Ndivyo alivyosomeshwa na walimu wake kule Burundi, na wao ndivyo walivyosomeshwa. Mwanafunzi alisimama, akaweka mikono nyuma, akalisema somo zima kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi wetu tulikutana nayo ukubwani, baada ya kuvuka mpaka. Neno likiruka, ulinyoosha mkono mwenyewe bila kuamriwa, ukapigwa kwa kipande cha mpira wa maji uliotiwa waya ndani. Mpira ule tuliupa jina la Prefe, kwa sababu kwetu Kongo prefe ndiye mkubwa wa sekondari na hakuna aliye juu yake. Tulilicheka sana jina hilo.

Siku tulipofika kwenye mmomonyoko wa udongo, kitabu kilitoa mfano wa nchi ya mbali ambayo hakuna miongoni mwetu aliyejua iko upande gani wa dunia. Mwalimu aliusoma, akakunja uso, akaufunga ukurasa kwa kidole. "Huu haufai," akasema. "Andikeni hivi: Katika mlima wa baba yangu kule Matana, niliona kwa macho yangu mvua ya msimu mmoja ikilichukua shamba lote la maharage na kulitia mtoni." Kisha akatusimulia kuhusu shamba hilo, jinsi mama yake alivyosimama mlangoni asubuhi ile na jembe mkononi akiwa hana pa kulima. Sikuwahi kumsikia akizungumza kwa upole vile. Nadhani alitaka tuelewe, na kweli tulielewa. Lakini kesho yake mlima ule ulikuwa umekwisha kuwa sheria, na kila aliyesimama alipaswa kuusema neno kwa neno. Wakongo wa Fizi na Uvira, Warundi wa Makamba na Kirundo, wote tukawa watoto wa baba mmoja wa Matana. Baba yangu mimi alikuwa fundi cherehani, hakuwahi kumiliki mlima wala kichuguu. Nikausema hivyo hivyo.

Aliyekataa alikuwa Domitila, naye Mrundi. Ndiye aliyekuwa akiongoza darasa, na ndiye niliyekaa naye benchi moja tangu tulipoanza. Alisimama, akasema somo vizuri, akafika kwenye sentensi ile, akairuka, akaendelea na inayofuata.

"Umeruka," Mwalimu akasema.

"Ninajua, Mwalimu."

"Rudia."

Akarudia, akaruka pale pale. Mwalimu akamwuliza kwa nini. Domitila alimjibu kwa sauti ya chini, lakini darasa zima lilisikia. "Baba yangu mimi yuko huko huko mlimani, Mwalimu. Hata kaburi hana. Siwezi kumleta hapa kwa ajili ya udongo wa mtihani."

Mwalimu aliugeukia ubao, nikadhani atamwacha. Yeye pia alikuwa ameacha watu huko, kila mmoja wetu alijua. Kisha nikamwona anarudi. "Mtihani hauulizi baba yako yuko wapi," akasema. "Mtihani unauliza jibu. Nyoosha mkono." Alimpiga, akamwambia arudie, akaruka, akampiga tena. Sijui ilikuwa mara ngapi. Ninachokumbuka ni sauti ya kidole, sauti ndogo sana, na Domitila akiutazama mkono wake kana kwamba mtu amempa aushike kidogo. Kidole cha shahada kilifungwa bendeji, kikapona kimepinda, na mpaka leo hakinyooki. Tangu siku hiyo aliisema sentensi ya mlima kama wengine. Ila kabla ya kuianza alikuwa akisita, anafumba macho, ndipo anaisema. Tulikizoea kile kituo chake, hata Mwalimu alikizoea. Mimi leo nafanya kazi ya uuguzi Nyamitanga, hapo Mbarara, na nikiona kidole kilichovimba kwa mtoto mwenye sare nauliza ni nani aliyempiga, na mama hunijibu kwamba ameanguka. Nimechoka na watoto wanaoangukia vidole.

Mtihani ulikuja, na swali la mmomonyoko likaja nalo. Tulipofungua karatasi nilisikia pumzi ya darasa zima ikitoka kwa pamoja. Tukainamisha vichwa, tukaandika tulichokuwa nacho. Domitila aliandika akiishikilia kalamu kati ya kidole gumba na cha kati, maana kile kingine hakikuweza. Tulipotoka, Mwalimu alikuwa ametuchomea mahindi nyuma ya ofisi, tukala tukiimba. Hatujawahi kuwa na furaha kama ile, wala yeye. Baada ya Krismasi matokeo ya nchi nzima yakatangazwa, lakini mkuu wa shule alirudi kutoka mjini na uso uliokwisha kutuambia kila kitu. Jiografia yetu ilikuwa imezuiwa, na bila jiografia cheti chote kingekwama. Walioyasahihisha majibu walikuwa wameona darasa zima limeandika maneno yale yale, mpaka nukta, na zaidi ya hapo, darasa zima la watu wa mataifa mawili lilikuwa na baba mmoja mwenye mlima mmoja. Wakahitimisha kwamba mtu aliingiza majibu chumbani. Tuliambiwa tufike Mbarara mbele ya kamati ya mtihani tujitetee, na asiyefika angefutiwa.

Mwalimu aliposikia alicheka. Alidhani ni utani, kisha akaona hakuna anayecheka naye. "Wameandika sawasawa kwa sababu wanajua sawasawa," akasema, akitutazama mmoja mmoja. "Hilo ndilo kosa?" Nimelifikiria swali lake miaka yote hii, na nadhani lilikuwa swali halali. Kitabu kimoja kitazaa vipi majibu mengi? Hao waliotutilia shaka walitoka shule zenye maktaba, ambako mtoto akikosa mfano huu anaufuata mwingine kwenye rafu. Sisi mfano wetu ulikuwa mmoja, na uliingia kupitia viganja.

Jumapili baada ya misa, mama Domitila alikuja kwetu kuchambua maharage na mama. Mimi nilikuwa upande wa pili wa pazia, nikijifanya nimelala, na Domitila alikuwa amekaa miguuni kwangu akisuka mkeka. Mama zetu waliongea polepole, mawe ya maharage yakidondoka kwenye kopo.

"Wasiseme habari ya fimbo," mama Domitila alisema. "Wakisema, Mwalimu atafungwa. Akifungwa, hawa wadogo watafundishwa na nani? Mimi ndiye mwenye mtoto wa kidole, na mimi ndiye ninayesema tunyamaze."

"Na bakibauliza namna gani bote baliandika kitu moja?" mama akauliza. "Batajibu nini?"

"Watajibu walisoma sana. Hata sisi tulipigwa, mama Sifa. Samaki mkunje angali mbichi."

"Huyu wako, Mwalimu alimukunja mpaka akamuvunja," mama akasema.

Nilimtazama Domitila. Aliendelea kusuka, akiruka kile kidole kila ukili ulipopita mkononi mwake, na sikuweza kujua anafikiri nini. Sikumwuliza. Tulikuwa na umri ule ambao mtu anaogopa jibu kuliko jambo lenyewe.

Mimi na Domitila tulilala Kakoba, mtaa wa Mbarara, usiku wa kuamkia kamati, kwa mama mmoja Mkongo wa kanisa letu aliyekuwa akiuza ndagala sokoni. Chumba chake kilikuwa kimoja, kitanda kikiwa nyuma ya pazia na majiko mawili mlangoni, na harufu ya samaki ilikuwa imeingia hata kwenye mito. Alitupikia bugali na sombe, kisamvu cha kwetu, akatulazimisha tule. "Mukule, banangu. Kesho njo siku yenu. Muntu wa njaa hajibu muzuri." Domitila alikula kidogo, akaomba maji. Nje waendesha boda boda walikuwa wakibishana kuhusu abiria, na jioni hiyo hiyo tukasikia jirani wa mama yule akimwuliza kutoka ng'ambo ya ukuta, kwa sauti ambayo alidhani ni ya siri, "Bale batoto ba kambi uko nabo njo bale baliiba mutihani?" Mama yule akajibu, "Mi sijue. Minawapa chakula tu." Domitila aliiweka sahani chini taratibu. Nilitaka kutoka nimtukane jirani yule. Nilikuwa mtoto wa kugomba, bado niko hivyo. Domitila akanishika gauni, akanirudisha mkekani.

Kamati ilikaa Nyamitanga, ng'ambo ya mto Rwizi, katika darasa la shule moja iliyofungwa kwa likizo. Sijawahi kusahau darasa lile. Lilikuwa na vioo madirishani, dari, ramani ya dunia ukutani, na kabati lenye vitabu vya jiografia, nakala nyingi za kitabu kile kile chetu, vyote vikiwa na jalada. Ndipo nilipojua jalada lake lilikuwa la kijani. Tuliingizwa kwa makundi. Mbele yetu walikaa mzee mmoja mwenye miwani, ambaye ndiye mwenyekiti, na mama mmoja aliyekuwa akiandika. Walianza kwa Kiingereza, wakaona tunatazamana, mzee akageukia Kiswahili, kile cha jeshini na barabarani ambacho Waganda wengi hukitumia.

"Wewe," akaniambia, "baba yako natoka Congo ama Burundi?"

"Kongo, sebo," nikajibu, yaani bwana kwa lugha ya wenyeji.

"Sasa mlima ya baba yako nafika Burundi namna gani?"

Wenzangu wakainama. Nilimweleza kwamba mlima ni wa babake Mwalimu, kwamba kitabu kilikuwa kimoja, kwamba tulikariri. Sikutaja fimbo. Mzee alinisikiliza bila kunikatiza, na naweza kusema hakuwa mtu mbaya. Akaongea na mama yule kwa Kinyankore, kisha akatugeukia. "Sawa. Kama iko ndani ya kichwa yenu, mimi nasikia sasa. Kila mtu nasimama, nasema yote. Mwenye nasema yote, tunajua iko yake. Mwenye nashindwa, basi huyo alikopi."

Nilisikia nafuu, hata nikataka kucheka. Kukariri! Hilo ndilo jambo pekee duniani tulilolijua barabara. Nikasimama, mikono nyuma, nikalisema somo lote. Mama yule alifuata kwa kalamu kwenye karatasi yangu ya mtihani, akatikisa kichwa kwa mshangao. Waliofuata wakasema, nao wakapita. Domitila alikuwa wa mwisho katika kundi letu. Alianza vizuri kutushinda sote, kwa ile sauti yake tulivu, akaja mpaka mlimani. Akasita. Nikajua ni kile kituo chake, atafumba macho kisha ataendelea. Alifumba macho. Halafu nikauona mkono wake wa kulia unatoka nyuma ya mgongo, polepole, unanyooka mbele ya meza ile, kiganja juu, kidole kile kikiwa kimepinda.

"Nafanya nini?" mzee akauliza. "Wewe, mtoto, mkono ya nini?"

"Ninangoja," Domitila akasema.

Mama yule aliacha kuandika. Mzee akamwambia kwa upole aushushe mkono, aendelee, hapa hakuna mtu wa kumpiga. Domitila hakuushusha wala hakufumbua macho. Midomo ilisogea, sauti haikutoka. Basi mimi nikasimama bila ruhusa, nikavunja neno la wazee wangu wote wa Kashojwa waliotaka tuifiche fimbo. Nilisema ule ni mkono wa fimbo. Nikasema kidole kile kilivunjwa kwa sentensi ile ile, na kwamba yeye ndiye anayeijua kuliko sote kwa sababu ameilipia. Nilikuwa nalia na kupiga kelele kwa pamoja, nikichanganya Kiswahili, Kiingereza na Kibembe. Mzee alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Binti, pole," akasema. "Lakini kamati hii nasikiza habari ya kukopi tu. Habari ya kiboko iko ofisi ingine." Akamtazama Domitila kwa mara nyingine, akangoja, nadhani alingoja kwa haki kadiri alivyoijua haki. Kisha akamwambia mama yule aandike kwamba mtahiniwa ameshindwa kulitoa jibu lake. Matokeo yetu yangetoka. Ya Domitila yamefutwa.

Ofisi ile nyingine sikuipata. Niliitafuta baadaye, nikiwa na cheti changu na kazi yangu, nikatumwa kutoka mlango huu kwenda ule, na kila mlango ulikuwa na mtu mpole. Mtoto yule yule mmoja, mkono ule ule mmoja, lakini mtihani wake una watu wake na kidole chake kina watu wengine, na watu hao hawakutani. Nimesoma mabango yaliyobandikwa shuleni kuhusu haki za mwanafunzi. Ni mazuri, yana picha za watoto wanaotabasamu. Waliosoma nyuma yetu waliniambia matangani kwamba Mwalimu hakuwahi kuwapiga, kwamba Prefe wao waliisikia kwa hadithi tu. Nawaamini. Domitila ana shamba la mahindi na watoto watatu, na alipoomba kurudia mtihani mwaka uliofuata aliambiwa aliyefutiwa kwa wizi hapokelewi shuleni pale. Aliniambia hilo mara moja tu, akipalilia.

Lori la mahindi lilitushusha Base Camp alasiri ile tuliyotoka Nyamitanga. Mwalimu Nestori alikuwa ametungoja kando ya barabara, amevaa shati lake jeupe, na ilionekana amekaa pale tangu asubuhi. Akatuuliza mmoja mmoja kwa jina, na kila aliyejibu kwamba yanatoka alimshika bega. Akafika kwa Domitila.

"Yamefutwa, Mwalimu."

"Yako wewe?" Alitabasamu, kama mtu anayengoja mwisho wa mzaha. "Wewe ndiye wangu wa kwanza."

"Walitaka tuseme somo. Niliishia mlimani."

"Haiwezekani. Unalijua." Kisha neno lililomtoka lilikuwa lile alilolisema kila siku ya maisha yake, sidhani hata alilisikia. "Rudia."

Domitila aliweka mfuko wake chini. Akaweka mikono nyuma, akaanza. Vijana wa boda boda walizima pikipiki wapate kusikia Kiingereza kile. Alisema ni nini huondoa tabaka la juu la ardhi, akasema maji, upepo, mifugo na binadamu, akafika kwenye mlima wa baba yangu kule Matana na hakusita, macho yakiwa wazi yanamtazama Mwalimu usoni, akalitia shamba lote mtoni, akaendelea mpaka sentensi ya mwisho. Midomo ya Mwalimu ilikuwa ikimfuata neno kwa neno.

"Sawasawa," akasema. "Hakuna lililoruka."

"Ninajua, Mwalimu," Domitila akamjibu, akainama kuchukua mfuko wake. "Lakini si wewe uliyekuwa unasahihisha."